Majira Yanapogeuka Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Wajapani, kwa kadiri tulivyosoma habari zao, ni watu wasafirio kwa kufuata majira. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, miti iitwayo sakura inapotoa maua kabla ya majani, watu hutoka majumbani mwao wakatandika mikeka chini ya matawi, wakala na kunywa pamoja huku wakitazama maua yasiyodumu hata majuma mawili. Mwanzoni mwa Mei huchumwa majani mapya ya chai. Tarehe 5 ya mwezi huo hupeperushwa bendera zenye umbo la samaki, kwa heshima ya watoto. Tarehe 11 hufunguliwa uvuvi wa mto Nagara, katika mji wa Gifu, ambako wavuvi huwatumia ndege aina ya mnandi: ndege hao hufungwa kamba, wakazamia samaki usiku katika mwanga wa moto uwakao ndani ya kikapu cha chuma kwenye omo ya mashua. Wako wasafirio kutoka mbali ili kuutazama moto huo tu. Kisha, Juni ikiingia, wanafunzi huvua sare nzito wakavaa nyepesi, na mvua waiitayo tsuyu huanza kunyesha siku nenda siku rudi. Mvua hiyo ikikoma mnamo Julai, majira ya joto yametimia.

Hatujafika Japani, wala hatuna nia ya kujifanya wenyeji wa huko. Lililotugusa sisi, kwa kuwa kazi yetu ni lugha, ni jambo moja lililofungamana na safari hizo. Katika shairi lao fupi liitwalo haiku, desturi inamtaka mtunzi aweke neno moja la majira, ambalo msomaji akiliona tu hujua ni wakati gani wa mwaka usemwao. Maneno hayo hayakuachwa yatangetange. Yamekusanywa katika vitabu viitwavyo saijiki, ambamo maneno hupangwa kwa majira, na kila neno hupewa maelezo yake na mifano ya mashairi. Ni kamusi ambayo mtu huingia kwa mlango wa mwezi, si kwa mlango wa alifu. Tulipoisoma habari hiyo tulijiuliza: je, sisi tufundishao Kiswahili hapa Bujumbura, tukitaka kuandika kitabu cha namna hiyo, tungeanza na neno gani?

Habari hizi tulizipeleka darasani ziwe zoezi la tafsiri kutoka Kifaransa. Wanafunzi wetu ni vijana waandaliwao kuwa walimu, na wengi wao walianza kukisoma Kiswahili shuleni baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Walikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye jina la yale majira ya maua. Mmoja alifunua kamusi akatoa neno "demani". Mwingine akapendekeza "majira ya machipuko". Basi kazi ilisimama hapo kwa nusu saa nzima, na sisi hatukuiharakisha, maana nusu saa za namna hiyo ni adimu.

Demani ni neno zuri, lakini ni neno la mabaharia. Pwani hutumika kwa ule wakati ambapo kusi imelegea, upepo ni mwembamba na bahari imetulia, kuanzia kiasi cha Agosti na kuendelea. Kulitwaa neno hilo na kulitia katika Aprili ya Japani ni kumvika mtu kanzu ya mwenziwe kwa sababu tu urefu wao unakaribiana. "Majira ya machipuko" nayo yaeleweka, ila kwetu hapa ni maneno yasiyo na picha. Bujumbura majani yameanza kuchipua tangu mvua za kwanza za Septemba au Oktoba. Ifikapo Aprili yameshavimba, na mtu aliyelala bila kufyeka ua wake huamka asiuone mlango. Mwisho tuliwaruhusu waandike "majira ya maua ya sakura", tukapita. Lakini mkia wa swali ulibaki: kama hatuna majira yao, tuna yapi? Na tunayaitaje?

Tulipokuwa tukisomea stashahada yetu ya ualimu, tuliyakariri majira ya pwani kama watoto wakaririvyo jedwali la kuzidisha: kaskazi, masika, kipupwe, vuli. Hakuna mwalimu aliyetuambia tutazame dirishani. Laiti tungetazama, tungeyaona mengi.

Tungeiona kwanza milima ya Kongo. Mgeni afikaye Bujumbura wakati wa masika, mvua ikiwa imetoka kunyesha na jua limerudi, huiona milima iliyo juu ya Uvira ikiwa karibu mno, hata akadhani aweza kuhesabu mikunjo yake. Bonde zima la Rusizi limeoshwa. Mwezi wa Mei uendeleapo mvua hupungua, hunyesha leo ikaruka siku nne, kisha ikaruka kumi. Na kadiri mvua iondokavyo ndivyo milima nayo iondokavyo. Mwanzoni huwa kama imechorwa kwa penseli, halafu kama imefutwa kwa kidole, na kufikia Julai mtu aliye ufukoni huona maji yakiishia katika weupe usio maji wala mbingu. Ni vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa, hewa ikiwa haina mvua ya kuisafisha. Twawajua watu wa hapa ambao hawana haja ya kalenda: wakiamka wakaikosa milima, wajua masika yamekwisha.

Upande wa pili wa ishara ni upepo. Asubuhi ziwa hulala, lakini mchana wa Juni upepo wa kusini huja juu ya maji, ukayainua mawimbi yakapasuka ufukoni kwa kishindo ambacho mtu wa Mombasa au Unguja angekitambua. Hapa hatuna budi kukubali kwamba yale tuliyoyakariri hayakuwa bure yote. Neno "kusi" linatufaa sana. Pepo zitokazo kusini-mashariki, zinazowapeleka mabaharia wa pwani kaskazini kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, ndizo hizohizo zilitawalazo Ziwa Tanganyika wakati wa ukame. Ziwa hili ni refu, kiasi cha kilomita 670, na limenyooka kutoka kusini hadi kaskazini kama mfereji kati ya kuta mbili za milima. Upepo huo huyasukuma maji ya juu yenye vuguvugu yaje upande wetu, na kule kusini, pande za Zambia, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Maji hayo hupanda na chakula cha viumbe vidogo sana, na viumbe hivyo huliwa na samaki. Hivyo kusi kwetu si neno la kukariri. Ni upepo uliolishao ziwa.

Kisha kuna mazao. Katika tambarare ya Imbo mpunga huvunwa Mei na Juni, na barabara ya kwenda Cibitoke hupambwa kwa nafaka iliyoanikwa juu ya maturubai. Maharage ya msimu wa pili hushuka kutoka milimani. Kahawa inamaliza kuchumwa. Mabondeni, mahali palipokuwa na maji mengi mno, watu huanza kulima vitivo, kwani huo ndio wakati pekee ambapo matope hukubali jembe. Matofali huchomwa. Na harusi! Kuanzia Juni hadi Septemba mapema, Jumamosi haipiti bila msafara wa magari yenye maua barabarani, kwa sababu mvua haitaharibu turubai, mavuno yamo ghalani, shule zimefungwa, na ndugu walioko Ulaya na Kanada wamerudi likizo. Wengi wetu husafiri nchi nzima katika miezi hiyo wakipeleka mahari, wakisindikiza bibi arusi, wakiondoa matanga. Hizo ndizo safari zetu za majira, japo hakuna mtu aziitaye utalii. Mwaka 2024, foleni za mafuta zilipokuwa ndefu kuliko misafara ya harusi, tuliona watu wakipanga sherehe kwa hesabu ya lita badala ya hesabu ya wageni, lakini sherehe zilifanyika.

Wageni kwa kawaida hupelekwa Gishora, karibu na Gitega, kusikiliza ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha yake ya urithi wa ulimwengu usioshikika. Au hupelekwa Rutovu kwenye piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 penye chemchemi ya kusini kabisa ya Mto Nili. Ni safari njema, wala hatuzidharau. Ila kwa mtu wa lugha kuna safari fupi zaidi yenye faida ile ile. Apande gari Bujumbura, penye mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, ashike barabara ya kwenda Bugarama. Baada ya kiasi cha kilomita 35 atakuwa amepita mita 2,000. Alitoka akipangusa jasho. Atashuka akiomba sweta. Wajapani hubadili nguo tarehe 1 Juni kwa sababu majira yamewajia. Sisi hubadili nguo kwa sababu tumeyafuata majira juu mlimani, na kwa nauli ya basi.

Njiani, mwenye bahati atauona mti ambao kwetu ndio sakura, kama ni lazima tuwe nayo. Ni umurinzi. Katika ukame mti huo hupukutisha majani, ukabaki matawi makavu yenye magome magumu, halafu matawi hayo matupu hutoa maua mekundu kama makaa. Tangu zamani ulikuwa mti mtakatifu wa Warundi, uliopandwa mahali pa ibada ya Kiranga. Wanafunzi wetu walipouandika ubaoni mmoja wao alishtuka: umurinzi, mlinzi! Ni neno lile lile, shina moja la kulinda. Vivyo hivyo ule mti utoao ngoma za Gishora, ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti uvumishao ngoma: msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuisikia ngoma ndani ya jina hilo. Tumeona katika miaka yetu zaidi ya ishirini ya kazi kwamba mwanafunzi wa Kirundi akigundua jambo la namna hii mara moja, hofu ya Kiswahili humtoka.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tushike kalamu.

Katika shule moja ya hapa mjini, ambayo hatutaitaja, mtoto wa Buyenzi aliulizwa katika jaribio: "Kiangazi ni wakati gani?" Akaandika: "Kiangazi huanza mwezi wa sita, mvua ikikatika." Akapewa alama ya kosa. Jibu la mwongozo lilikuwa kwamba kiangazi ni majira ya joto kali kati ya Desemba na Machi. Mwalimu aliyesahihisha alifuata karatasi aliyopewa. Hatuna neno naye. Lakini mtoto yule alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba wao hawajui Kiswahili.

Wenzetu walio mbali huenda wasijue uzito wa kauli hiyo. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, mtaa wa misikiti, wa mafundi wa magari na wa barabara zenye namba badala ya majina. Kabla ya Kiswahili kuwa somo katika shule zetu, kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya nyumbani pale, vizazi kwa vizazi, pamoja na Rumonge kule kusini, kandokando ya ziwa. Kwa miaka mingi Kiswahili hicho kilidharauliwa kama lugha ya sokoni. Leo kimepandishwa hadhi, kina siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ingekuwa ajabu kubwa kama lugha ingeinuliwa na wenye lugha wakaambiwa wakae chini.

Mama wa mtoto huyo, tuliyemtembelea kwa sababu ni jirani wa ndugu zetu, huanika na kuuza ndagala. Tulimwuliza kwa upole kiangazi ni nini. Hakufikiri hata kidogo. "Mwalimu," alisema, "kiangazi ni pale unapoanika ndagala asubuhi na jioni wamekauka." Wakati wa masika, alitufafanulia, ndagala hukaa juani siku mbili au tatu, mara mvua, mara jua, na mara nyingi huoza kabla hawajakauka, hasara ikawa yake. Kiangazi siku moja yatosha. Tumefunua kamusi kadhaa tangu siku ile, na hatujaona fasili iliyo barabara kuliko hiyo.

Je, mwongozo ulikosea? Hapana. Kwa mtu wa pwani kiangazi ni ule wakati wa jua kali la kaskazi, na neno lenyewe latokana na kuangaza. Lakini kwa mtu wa bara, kuanzia Tabora hadi Kigoma, Bujumbura na Uvira, kiangazi ni ukame wa katikati ya mwaka, hata usiku wake uwe wa baridi. Neno moja limetazama mbingu mbili. Jambo hili halina ugeni wowote kwa Warundi, maana wanalo katika lugha yao wenyewe. Warundi huuita impeshi ule msimu wa pili wa kilimo, kuanzia Februari hadi Juni, wakati wa mvua. Wanyarwanda, ambao lugha yao ni pacha wa Kirundi, huita impeshyi ukame wa Juni hadi Agosti, ambao Warundi huuita ici. Mrundi akivuka mpaka hujua kwamba neno limegeuka, akacheka, akaendelea na safari yake. Hatujasikia Mrundi aliyepewa alama ya kosa kwa kutokujua majira ya Kigali.

Tulilipeleka jambo hili kwa walimu wenzetu. Wengine walituunga mkono. Wengine walihofu, na hofu yao ina maana: tukiruhusu kila mji uwe na kiangazi chake, mtihani utasahihishwaje? Usanifu wa lugha uliwagharimu watangulizi wetu jasho jingi, wala hatupendi kuubomoa kwa ajili ya ndagala. Tulichopendekeza ni kidogo sana. Swali liandikwe: "Kiangazi ni wakati gani katika mji wenu? Eleza dalili zake mbili." Mtoto wa Tanga ataeleza ya Tanga, wa Buyenzi ya Buyenzi, na mwalimu atapima sentensi, sarufi na ukweli wa macho. Katika darasa letu swali limekwisha kuandikwa hivyo. Kule kwingine bado wanajadiliana, na alama ya yule mtoto haikurudi, kwa kuwa matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa.

Kwa ajili hiyo, kila mwaka mwanzoni mwa Juni huchukua wanafunzi wachache tukashuka nao hadi Rumonge, kiasi cha kilomita 70 na kidogo kusini mwa Bujumbura, barabara ikiambaa na ziwa karibu njia yote. Kila mmoja huwa na daftari, na kazi yake ni kurudi na maneno ya majira: si chini ya matano, kila neno na mtu aliyelisema na kazi aliyokuwa akiifanya. Hiyo ndiyo saijiki yetu, japo bado ni madaftari ya shule yenye madoa ya mafuta ya mawese.

Husimama kwanza Mugere, penye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakataka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Wanafunzi hupiga picha. Sisi huwakumbusha kwamba katika mtumbwi ule, miongoni mwa waliofuatana na Wazungu hao wawili, walikuwamo wasemaji wa Kiswahili, ambao majina yao hayamo katika jiwe. Na kwamba Novemba ni mwezi wa mvua.

Baada ya hapo husimama katika mialo ya wavuvi. Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa. Zamani ilikuwa mienge ya moto, baadaye karabai, siku hizi taa za betri. Na mtu aliyeketi ufukoni usiku wa giza huona ziwa limegeuka mji wa pili, wenye mitaa yake. Twakiri kwamba tuliposoma habari za moto wa mto Nagara hatukuona ugeni wowote: tuliona ziwa letu, ila kule wamemwongeza ndege. Usiku wa mbalamwezi taa hazifui dafu, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Hapo ndipo wanafunzi wetu hupata maneno mengi kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mshonaji wavu mikono yake ina kazi, ulimi hauna. Samaki aitwaye mukeke huku, walijifunza hapo, ndiye mgebuka wa Kigoma. Walikuwa wameandika majina mawili kama samaki wawili mpaka mzee mmoja alipowacheka.

Lakini siku hizi Juni ya ziwani si ile ya zamani. Samaki wamepungua, na nchi nne zenye ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimekuwa zikishauriana juu ya kulipumzisha kwa pamoja, na mamlaka yao ya pamoja ina makao hapa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tazama tarehe hizo. Ndiyo miezi ambayo jua hukausha ndagala kwa siku moja. Wajapani hufungua mto wao tarehe 11 Mei, na huku ziwa linafungwa siku nne baadaye. Hatusemi kufunga ni vibaya. Samaki wasipozaa hapatakuwa na cha kuanika majira yoyote. Twasema tu kwamba yule mama wa Buyenzi aweza kujikuta ana jua zuri na vichanja vitupu, hasa kwa kuwa sehemu ya dagaa wauzwao hapa hutoka Kigoma. Mmoja wa wanafunzi wetu aliandika katika daftari lake, chini ya neno kiangazi: "jua bila samaki". Hatukuisahihisha.

Na masika nayo yamebadilika sura. Hatuwezi kuyasifu kama washairi wa zamani walivyoyasifu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 maji yaliyoshuka milimani yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika Gatumba na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba na hoteli za ufukoni. Kwa hiyo mvua ya mwisho ya Mei siku hizi hupokewa na watu wa Gatumba kwa namna ambayo hatukuikuta katika kitabu chochote cha majira. Wanafunzi waliokwenda huko walirudi wakiwa na maneno machache sana, na tuliwaambia si lazima yafike matano.

Twatambua kwamba wenzetu wa Unguja wana lao katika Julai hiyohiyo: huko Makunduchi husherehekewa Mwaka Kogwa, watu wakasafiri kutoka kisiwa kizima na ng'ambo kwenda kutazama vijana wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa ili mwaka mpya uingie. Tungefurahi kupata kutoka kwao maneno ya siku hizo nne, na maelezo ya kila neno kama yasemwavyo na wenyewe.

Mpaka sasa madaftari yetu yana maneno mia mbili na kitu, mengine ya Kiswahili cha siku zote, mengine ya mtaa wa Buyenzi na Rumonge tu. Upepo tunao, jua tunalo, matope tunayo ya aina tatu. Neno moja limetushinda. Ule weupe unaoificha milima ya Kongo kuanzia Juni hatujampata mtu wa kutupa jina lake. Wengine husema ukungu, lakini ukungu una maji, nao huu ni mkavu, una harufu ya majani yaliyoungua. Wengine husema vumbi, lakini vumbi hukaa chini. Mvuvi mmoja wa Rumonge alitujibu kwamba hana haja ya kuuita, maana unapokuja yeye hutazama nyota. Tumewaandikia walimu wa Uvira, kwani wao, wakisimama ufukoni kwao miezi hiyo, huikosa milima yetu kama sisi tuikosavyo ya kwao. Barua yao bado haijafika. Msomaji wa Kigoma, Kalemie au Mpulungu aliye na neno hilo na alitume, pamoja na jina la mwezi alilolisikia.